Mtaalamu wa Mabomu ya Baharini Aliyepangiwa Mbeya

Vijana wa kikosi, siku ile ya kuniaga mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nadhani mlisema kwa adabu tu, kama mgeni anavyosifu mchuzi. Mmejitakia wenyewe. Nimestaafu, nimerudi Iringa, nina meza karibu na dirisha, na mke wangu amenipa masharti mawili: nisimsimulie tena, na nisiguse bustani yake. Kwa hiyo mtasoma ninyi.

Vyeo nimeviruka. Anayevitaka ataviona kwenye picha zilizo ukutani pale ofisini, ambako katika kila picha nimefumba macho.

Nianze na cheti changu. Kinasema nimefuzu kutegua mabomu ya baharini: kuyatafuta chini ya maji, kukata minyororo inayoyashika, na kuyalipua yakiibuka. Ni cheti halali. Tatizo lake ni kwamba karibu utumishi wangu wote niliufanyia Mbeya na Iringa, na bahari iko mwendo wa siku nzima kwa basi. Ziwa Nyasa liko jirani, kweli, lakini halikuwahi kuniita na mimi sikujipeleka.

Cheti hicho nilikipataje? Kwa fomu. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya historia, nikaingia jeshini, na kwenye fomu kulikuwa na swali: una uzoefu gani wa maji? Nikaandika kwamba nimekulia kando ya mto. Mto wenyewe ni Ruaha Mdogo, sehemu ambayo wakati wa kiangazi mtu anavuka kwa kukunja suruali. Aliyesoma fomu yangu hakuuliza kina. Wiki tatu baadaye nilikuwa pwani, ndani ya boti ya mbao, nikitapika juu ya bomu la mazoezi lililopakwa rangi nyeusi.

“Afande,” ikasema sauti nyuma yangu, “bomu halisafishwi hivyo.”

Huyo alikuwa Sajini Makame, Mpemba, mtu mfupi mwenye mikono mipana, ambaye tangu siku hiyo mpaka anastaafu aliniita afande kwa sauti ya mwalimu anayemwita mwanafunzi wake profesa. Kila ninachokijua kuhusu vyuma vinavyolipuka nilikipata kwake. Chuo kikuu kilinifundisha kuandika ripoti yake.

Makame alikuwa ameazimwa ujanani, pamoja na wanamaji wengine, kwenda kusafisha mdomo wa bandari ya nchi jirani baada ya vita vya huko kwisha. Meli za chakula zilikuwa zimesimama nje, haziwezi kuingia, kwa sababu waliopigana walitega mabomu majini na kisha, walipopatana, hakuna aliyekumbuka ni mangapi. Alisimulia kazi hiyo kama watu wengine wanavyosimulia shule ya bweni. Boti yao ilikuwa ya mbao, imeshonwa kwa misumari ya shaba, maana baadhi ya mabomu yale yananusa chuma. Kwa hiyo chuma kilipigwa marufuku ndani ya boti. Sufuria zilikuwa za alumini. Mikanda yenye kichwa cha chuma ilibaki bandarini, na mabaharia walifunga suruali kwa kamba. Siku mkubwa mmoja alipowatembelea wakampigia saluti, suruali mbili ziliacha kazi.

Kisha ikaja siku dira ilipokataa kuonyesha kaskazini. Siku tatu walizunguka, ramani inasema hivi, jua linasema vile. Wakapekua boti nzima. Chini kabisa ya kitanda cha mpishi, palepale chini ya dira, wakakuta kikaango cha chuma kimefungwa kwenye blanketi. Mpishi alijitetea kwamba chapati haipikwi kwenye alumini.

“Mlimfanya nini?” nilimuuliza Makame.

“Tulikula zile za mwisho,” alisema, “kisha tukakitupa.”

Ilikuwepo boti ya pili katika kazi ile. Asubuhi moja ilitoka na jioni haikurudi. Makame hakunisimulia kamwe siku hiyo ilivyokuwa. Alinisimulia asubuhi yake tu: nani alikunywa chai, nani aliikataa kwa kuwa haikuwa na tangawizi. Nilimsikia akiirudia mara nne au tano katika miaka yetu pamoja, na kila mara alisimama palepale kwenye chai.

Baada ya kozi nikapangiwa Mbeya, kwenye kikosi cha kuondoa mabaki ya milipuko. Sikuuliza kwa nini, kwa sababu nilikuwa na furaha ya mtu anayerudi kwenye udongo usiotikisika. Makame alikuja mwaka uliofuata kwa kuomba mwenyewe. Mkewe alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na alikuwa amechoka na joto la pwani. Sajini alishuka kwenye gari pale Mbeya mwezi wa saba, asubuhi, na shati la mikono mifupi. Kuanzia jioni ile sikumwona tena bila sweta mbili na kofia ya sufu. Alisema baridi ya Mbeya ingepaswa kutangazwa.

Alikuja na sanduku lake la mbao. Ninyi sasa mna mitambo yenye vioo na sauti, na sina wivu nayo. Ndani ya sanduku la Makame mlikuwa na vijiti vya mianzi vilivyochongwa, brashi ya kunyolea ndevu, kisu cha mfupa, kamba ya mkonge iliyolainika kwa kutumika, kapi mbili za kuinulia mizigo, chupa ya mafuta ya taa, na kikombe cha bati. Kikombe kilikuwa cha chai. Nilidhani hivyo muda mrefu.

Kesi yangu ya kwanza mjini ilitokea Mwanjelwa. Tuliitwa kwamba mzee mmoja anayenunua skrepa ana bomu kwenye lundo lake la vyuma. Nikafunga njia mbili. Nikawaomba akina mama wa nyanya wahame, wakaniambia nyanya hazihami saa nne asubuhi. Nikalala kifudifudi na kuanza kutambaa kwa utaratibu wa kitabu, kiganja kwa kiganja, kijiti kwa kijiti, huku mzee mwenye skrepa akinifuata kwa nyuma akitembea kwa miguu yake.

“Mzee, rudi nyuma, kuna bomu.”

“Afande, hilo si bomu. Hilo ni langu.”

“Limetoka wapi?”

“Kwenye Fuso.”

Ilikuwa shokapu ya lori. Nilikuwa nimetumia karibu saa tatu kuifikia, na soko zima lilikuwa limepata pa kusimama. Mama mmoja wa nyanya alinifuta vumbi begani kwa kanga yake, akaniambia niwe naanza kwa kuuliza. Nimepewa mafunzo mengi katika nchi tatu, na bado sijapata lililo bora kuliko hilo. Lakini sikulishika kwa wakati, kama mtakavyoona.

Sasa nifike kwenye kengele.

Kilikuwa kijiji kimoja cha Mufindi, unapanda kutoka Nyololo kwa barabara ya udongo mpaka masikio yanaziba. Jina silitaji, wenyewe wameniomba. Kanisa lao la Kilutheri lilikuwa na kengele iliyoning'inia kwa waya kati ya nguzo mbili za mkaratusi, na kengele hiyo ilikuwa chuma kirefu, kinene, chenye ncha, ambacho babu zao walikiibua kwenye mto walipokuwa wakitafuta mawe ya msingi. Kilipigwa kwa kipande cha nondo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili zaidi. Mwalimu mpya wa shule akakiangalia na kusema hadharani kwamba ni bomu. Kijiji kikagawanyika. Tukaitwa.

Nilikwenda mwenyewe na dereva, siku ya Jumatano, kwa sababu Makame alikuwa na mafua. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mligo, alinipokea na kunipeleka kanisani. Pale tulimkuta mpiga kengele, Mama Veronika, mjane wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye mikono ya mtu anayepasua kuni mwenyewe. Mumewe alikuwa ameipiga kengele ile mpaka alipofariki, kisha yeye akashika nondo.

“Kamwene, mwanangu,” alinisalimu. “Umekuja kuiona? Iangalie vizuri. Kijiji cha ng'ambo wana rimu ya tairi.”

Nikaiangalia. Ilikuwa kombora la mzinga, hilo halikuwa na ubishi, la wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Lilikuwa zito kama mtoto wa miaka minne. Ncha yake ilikuwa imeziba kwa kutu, hakuna aliyeweza kusema ndani mna nini. Hapo ndipo elimu yangu iliponisaidia. Nikahesabu: chuma hiki kimepigwa na nondo kila siku ya Mungu tangu enzi za babu zao, hakijalipuka. Kwa hiyo ni ganda tupu. Nilitumia ushahidi wa kihistoria. Mama Veronika akakigonga mara moja ili nisikie, nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikaandika hati kwamba kifaa kimekaguliwa na ni salama kwa matumizi ya kanisa. Nikagonga muhuri. Wakanipa chai na viazi, nikarudi Mbeya nikiwa na amani.

Ijumaa asubuhi Makame alirudi kazini. Nilikuwa nasoma, yeye anakunywa uji kwenye kile kikombe cha bati. Akaniuliza kengele inaliaje.

“Inalia kama kengele.”

“Afande, nakuuliza inaliaje.”

Nikafikiri. Nikamwambia ina sauti nzito, fupi. Du. Du.

Makame akaacha kunywa. Akachukua kijiko, akagonga kikombe kilichojaa uji. Kikasema du. Akamimina uji wote dirishani, akakipangusa kwa kofia yake, akagonga tena. Kikasema ting, na ile ting ikakaa hewani mpaka ikafa yenyewe.

Alikuwa tayari anavaa sweta ya tatu.

Hatukuwa na njia ya kuwapigia simu. Simu ya karibu ilikuwa kwa mwenye duka mmoja pale Nyololo, naye alipata mtandao akipanda juu ya boneti ya gari. Kwa hiyo tukaendesha: Chimala, Igawa, Makambako, Land Rover inalalamika kila kilima. Njiani Makame aliniuliza kombora lina urefu gani, unene gani, na kama lilikuwa na mshipi wa shaba kiunoni. Nikamweleza. Akasema hilo si la mizinga ya nchi kavu. Hilo ni la meli.

Vijana, nisikilizeni. Wajerumani walipozamishiwa meli yao kule Rufiji waliitoa mizinga yake majini, wakaifunga magurudumu, wakaikokota bara mpaka nyanda zetu za juu. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Niliandika tasnifu yangu ya shahada juu ya vita hivyo, na mizinga ile ina sura yake ndani, sura ya tatu. Cheti changu kilikuwa cha vilipuzi vya majini. Katika nchi yote hapakuwa na mtu aliyeandaliwa kukutana na chuma kile kuliko mimi, na nilipokutana nacho nilikula viazi.

Tulifika mchana. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu wanafagia na kufunga matawi. Nikauliza kuna nini. Kumbe Jumapili ilikuwa jubilei ya kanisa lao, na kengele ilikuwa ipigwe mpigo mmoja kwa kila mwaka wa kanisa. Na kwa kuwa sasa serikali imethibitisha, alisema Mzee Mligo kwa furaha, wameiweka nondo kando na kununua nyundo ya kupasulia mawe, ili mlio ufike ng'ambo. Hati yangu ilikuwa ofisini kwake, kwenye fremu yenye kioo.

Nikamwambia kengele isipigwe. Watu wakaacha kufagia. Mama Veronika akaja, akasimama kati yangu na zile nguzo, nyundo mpya mkononi.

“Mwanangu, Jumatano ulisema salama.”

“Ndiyo, mama.”

“Leo Ijumaa unasema inaua.”

“Ndiyo.”

“Imejazwa Alhamisi?”

Watu wakacheka, na walikuwa na haki. Nikasema nilikosea.

“Sema kwa sauti, Mwenyekiti sikio la kushoto halisikii.”

Nikasema kwa sauti kwamba nilikosea. Mzee Mligo akasikia, lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema hati ya Jumatano ina muhuri; je, maneno haya mapya yana muhuri? Nikajipapasa mifukoni. Muhuri nilikuwa nimeuacha Mbeya.

“Basi tunabaki na yenye muhuri,” alisema, bila ubaya wowote. “Mpaka ulete nyingine.”

Sikuwa na mamlaka ya kukamata kengele kwa nguvu, na kwenda kutafuta mwenye mamlaka kungechukua siku mbili. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi ile nyundo ingeanza kazi. Nikamgeukia Makame anisaidie. Alikuwa ameegemea gari, anaangalia milima.

Mama Veronika ndiye aliyemaliza shauri. Alininyooshea nyundo.

“Sisi si wasomi,” alisema. “Hatujui muhuri wala ndani ya chuma. Wewe unajua. Ipige mara moja. Ukiipiga, Jumapili naipiga na mimi. Ukishindwa, nimekuelewa.”

Nikapokea nyundo. Nikasema moyoni kwamba imepigwa miaka yote hii, mpigo mmoja zaidi si kitu. Huo ulikuwa ule ule ushahidi wangu wa kihistoria. Nikainua mikono. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ukuta hatua kumi kutoka pale, miguu inaning'inia. Hakuna aliyerudi nyuma, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa imewaambia hakuna haja.

Nikaiweka nyundo chini taratibu, kama yai.

“Siwezi, mama.”

“Kwa nini?”

“Naogopa.”

Katika utumishi wangu wote hiyo ndiyo ripoti fupi kuliko zote nilizotoa, na pekee iliyosomwa mpaka mwisho. Mama Veronika akawageukia watu.

“Mmesikia? Shukeni ukutani, ninyi.”

Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, tulianza. Kombora halingeweza kulipuliwa pale, kanisa lilikuwa hatua ishirini. Ilibidi lishushwe na kupelekwa kwenye shimo la zamani la udongo wa matofali, nyuma ya kilima. Makame alifunga kapi zake mbili kwenye nguzo, akapitisha kamba, akalitoa kwenye waya bila kuligusa na chuma chochote. Nimeona wanamaji wengi wakifunga mafundo. Sijaona mtu aliyefunga kama anamvalisha mtoto. Tulihitaji kitu laini cha kulilaza. Mama Veronika akaenda nyumbani akarudi na godoro lake la majani kichwani.

“Mama, hilo huenda lisirudi.”

“Nililipenda godoro, lakini hiyo nimeipenda zaidi. Ilale pazuri.”

Makame alikuwa na sheria yake ya zamani kwamba kazi ya hatari ina watu wawili tu, ili chai ya jioni isipungue vikombe vingi. Kwa hiyo mimi na yeye tulilibeba kombora juu ya machela, juu ya godoro, kwa mwendo wa maharusi. Nusu ya njia niliteleza kwenye tope, goti likagusa chini. Machela haikuinama. Makame alikuwa ameusikia mguu wangu kabla yangu, akashuka sawa na mimi.

“Pole pole, afande,” alisema. “Hakuna meli inayotusubiri.”

Tulilizika, tukaweka baruti yetu, tukatandaza waya mpaka nyuma ya mwamba. Kijiji kizima kilikuwa bonde la pili. Isipokuwa Mama Veronika. Alikuja akaketi kati yetu, akakunja kanga magotini, na hapakuwa na sheria ya Makame iliyomwondoa.

“Na ikiwa ni tupu?” aliniuliza.

Hilo ndilo swali lililokuwa limenila tangu jana yake. Ikiwa ni tupu, basi nilikuwa nimeidhinisha kwa ujinga, nimekataza kwa woga, na sasa nalipua kengele ya watu siku moja kabla ya jubilei yao bila sababu.

“Ikiwa ni tupu nitaandika barua ya kuacha kazi.”

“Barua haiiti watu kanisani,” alisema.

“Tutajuaje kama ilikuwa tupu?” akauliza tena.

Makame ndiye aliyemjibu. “Ikiwa tupu, mama, utasikia kama mlango umefungwa na upepo. Ikiwa imejaa hutaisikia kwa masikio.”

Nikabonyeza.

Ilikuja kupitia chini, ndani ya mawe tuliyokalia, ikatupanda tumboni kabla ya kuwa sauti. Kisha ikawa sauti, ikaenda ng'ambo, ikapiga kilima, ikarudi. Ndege wote wa kwenye mikaratusi waliondoka kwa pamoja. Udongo uliendelea kudondoka kwa muda, vipande vipande, kama mvua isiyo na uhakika. Tulipokwenda kuangalia, shimo la matofali lilikuwa limepata chumba cha pili.

Mama Veronika alisimama ukingoni, mikono kiunoni. Alikaa hivyo sana, midomo inacheza kama anayesali au anayejumlisha.

“Sikukuu za Pasaka,” alisema hatimaye, “nilikuwa naipiga mara mbili.”

Kisha akakaa chini palepale kwenye udongo mpya, akaanza kucheka, na kucheka kule kukageuka kilio, na kilio kikarudi kicheko. Makame akavua sweta yake ya juu akamfunika mabegani. Ndiyo mara pekee niliyomwona akiivua huko nyanda za juu. Akaketi kando yake, na bila kuulizwa, akaanza kumsimulia ile asubuhi ya boti ya pili. Nani alikunywa chai, nani aliikataa. Safari hii hakusimama hapo. Mimi nilikwenda kukunja waya, nikaukunja polepole sana, na yale aliyoyasema hayakuwa yangu wala siyaandiki.

Tulibaki Jumapili kwa sababu Land Rover ilikataa kuwaka, na kwa sababu sikuwa na uso wa kuondoka. Jubilei ilikuwepo, kengele haikuwepo. Kulikuwa na ukungu wa Mufindi, ule ambao mtu haoni hata viatu vyake. Mzee Mligo alikuwa amependekeza waazime rimu ya tairi kutoka kijiji cha ng'ambo. Mama Veronika alisema bora wafe wapagani.

Saa ilipofika alikwenda akasimama kati ya zile nguzo mbili, mahali pa kengele. Akaweka viganja mdomoni, akaanza kuita. Hakuita kanisa. Aliita nyumba moja moja, kwa majina, kutoka ya juu kabisa kuteremka bondeni.

“Baba Tumaini. Uko macho, moshi wako naunusa. Mama Edina, mtoto alipona Alhamisi, nilimwona anakimbiza kuku, mlete. Nyumba ya Mzee Mligo, wote, na yule aliyerudi kutoka Dar asijifanye mgeni. Yohana wa mtoni, deni lako na Mungu hilo, mimi nimetumwa tu.”

Kutoka ndani ya ukungu milango ikaanza kufunguka. Zikasikika sauti zikijibu, “Nakuja, mama,” nyingine kwa aibu, nyingine kwa kucheka. Watu wakatokea mmoja mmoja, kama wanaibuliwa: wazee, vijana, mwanamume mmoja anayefunga vifungo vya shati huku anatembea. Mzee Mligo alisimama karibu nami akihesabu kwa midomo. Akaniambia wako ambao hajawaona pale tangu harusi zao.

“Ile kengele ilikuwa haijui aliyelala,” alinong'ona.

Mimi na Makame tulikuwa nyuma ya gari, tunajifanya tunatengeneza. Mama Veronika aliteremka mpaka nyumba ya mwisho ya bonde. Akapumua. Kisha akageuka upande wetu.

“Mzee wa sweta, wewe najua una pako pa kusali. Kaa hapo kwenye jua likitoka, chai inakuja na ina tangawizi. Na wewe mtaalamu, uliye nyuma ya tairi. Ingia.”

“Mama,” nilisema, “mimi ni Mkatoliki. Nimesoma Tosamaganga.”

“Sijakuuliza ulisoma wapi,” alisema. “Nimekuita.”

Nikaingia. Ilinibidi kusimama ukutani ibada nzima, kwa sababu mabenchi yote yalikuwa yamejaa.